Nywele Kwenye Kamba

Wamama wa likelemba yetu, sisi tunaochangiana pesa kwa zamu, mniache nisimame karibu na mlango. Woga haujanitoka wote.

Mnajua natengeneza mafuta ya avoka hapa Ngezi, na sabuni ya nywele ya majivu ya maganda ya ndizi. Ndugu zangu, nawaambia, majivu yakizidi, sabuni inakula nywele. Kwa hiyo sikujaribu kwenye kichwa cha mtu. Nikisuka wateja, niliokota nywele zilizobaki kwenye chanuo, nikaziosha kwa sabuni mpya, nikazianika ndani kwenye kamba, kisha nikazivuta. Zikikatika, sabuni namwaga.

Mnanitazama hivyo! Ndiyo, hata mimi nilifundishwa: nywele yako unaichoma, huiachi kwa mtu, asije akakuroga nayo. Lakini mimi niliona kazi tu.

Asubuhi moja jirani aliingia kuomba moto. Akatazama kamba.

"Mama, nywele hizi ni ya nani?"

Nikacheka. "Ya watu wote! Hata yako iko pale."

Alitoka mbio bila moto. Mtoto wake alikuwa na homa. Nikamsikia akipiga kelele nje:

"Mutoto yangu anagonjwa, kumbe nywele yangu iko kwa mulozi!"

Uwanja ukajaa watu. "Atoke inje!" "Tuchome nyumba!" Mawe yakalia juu ya bati. Nilisukuma benchi mlangoni, nikakaa chini.

Kisha nikasikia sauti ya mama prezida wa likelemba yetu: "Fungua, ni miye."

Nikaondoa benchi. Aliona kamba, akarudi nyuma hatua moja. Aliogopa naye, niliona.

"Leta mukasi."

Akasimama mlangoni, akakata nywele zake mbele ya wote. "Osha hizi. Siye tunaangalia."

Sabuni ya siku ile nilikuwa sijaijaribu. Niliosha, nikavuta. Zikakatika.

Mama prezida akajipapasa kichwa. "Miye niko muzima. Ni sabuni ndiyo mubaya. Mulitaka aanzie kwa kichwa yenu?"

Mtu akacheka nyuma, na mimi nikalia.

Mtoto tulimpeleka kwa daktari pamoja, mimi, jirani na mama prezida. Alipona.

Asante, mama prezida, uliyeogopa na bado ukakata. Siku hizi najaribia sabuni uwanjani. Kila mmoja analeta nywele zake, anarudi nazo kwake kuzichoma. Ndugu zangu, kitu cha mtu, hata alichotupa, mwombe kwanza.

Na wewe jirani, uliyekaa pale nyuma, asante. Jana ulirudi kuomba moto. Nilichungulia kwanza ndipo nikakufungulia, lakini wewe uliingia mpaka jikoni.