Shanga Kwenye Kitambaa cha Mtoto

Mama zangu, ndugu zangu, hasira bado ninayo, lakini hapa kanisani nitasema polepole.

Baada ya kumzaa mtoto wangu huyu nilishikwa na homa kali. Ilipoondoka, iliniachia kichwa kitupu. Nasoma ukurasa, nikifunga kitabu hakuna kitu. Nami nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja tu niwe mwalimu wa shule ya wasichana: kufundisha somo zima la usafi mbele ya wakaguzi, bila kitabu. Shemeji yangu akasema mbele ya wageni, "Weye mama, akili yako ilitoka pamoja na mutoto. Rudilia mihogo yako." Watu wakacheka. Mume wangu naye alicheka. Yuko hapa, anajijua.

Nikaenda kwa nkambo, mama wa mama yangu. Zamani alifundishwa kushika majina ya wafalme wa Baluba kwa kupapasa shanga zilizopigiliwa kwenye ubao. Naona baadhi yenu mnakunja uso. Kunjeni.

"Kichwa yako haikupotea," akaniambia. "Inakosa fasi ya kutia vitu. Lete shanga."

Nikazitunga kwenye uzi kama za shingoni, nikajiona hodari. Akauzungusha ule uzi. "Sasa mwanzo iko wapi? Mufalme wako anatembeatembea?" Alicheka mpaka akakohoa.

Nikazifumua, nikazishona kwenye kitambaa cha kubebea mtoto, pale kinapofungwa kifuani. Ushanga mkubwa ni mfalme, tuseme maji. Zile ndogo zinazomzunguka ni watu wake: kuchota, kuchuja, kuchemsha, kufunika. Nikinyonyesha, vidole vinatembea, mdomo unasema. Nikikosea, nkambo ananipiga kofi mkononi. "Rudia kwa mufalme."

Siku ya mtihani, mamuzele, yule bibi mzungu wa misheni, akasema mtoto abaki nje. Mama mkwe, aliyenisindikiza, akampokea, na kitambaa kikaenda naye. Ndugu zangu, nawaambia, nilitaka kuwafuata nisirudi tena. Nikasimama mikono mitupu. Mkaguzi mmoja akapiga miayo, akasema, "Anza."

Kisha kidole changu kikapanda chenyewe kifuani, pale fundo linapokaa. Ushanga haukuwapo, lakini kidole kiliupata. Maji. Kuchota. Kuchuja. Nikafundisha mpaka mkaguzi akasema inatosha, nami nikaendelea, maana nilikuwa sijafika kwenye vyoo.

Leo ninafundisha. Namshukuru Mungu. Namshukuru mama mkwe aliyemshika mtoto juani bila kunung'unika. Namshukuru nkambo. Nanyi mkimwona mwanamke aliyezaa akisahau, msimwambie ameisha. Kaeni naye, mrudisheni mwanzo, hata mara nyingi.

Nkambo amekuja kunisikiliza. Amekaa nje, kwenye ngazi ya mlango, kwa sababu mmoja wetu alimwambia watu wa ubao hawaketi humu. Hatujaimba bado, wakati ungalipo. Ninyi wa benchi la mbele, sogeeni, nimwingize.