Kisu Kisichokuwa na Pengo

Sogeeni, wanangu, na wewe Velvl acha kulia kabla sijafa, utamaliza machozi mapema. Hinde, binti yangu, ondoa kijiko hicho mdomoni mwangu. Ng'ombe amekula? Hajala! Basi mimi ninywe mchuzi huku Blume anatazama hori tupu? Velvl, kamtupie nyasi. Mnyama hula kwanza, ndipo mwenye mnyama. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na kufa hakunipi ruhusa ya kuruka zamu.

Umerudi? Anatafuna? Haya, kaeni.

Mali yangu haitawagombanisha. Nyumba ni ya Hinde, kwa sababu ndiye anayejua mahali paa linapovuja. Vitabu ni vya Velvl, maana ni yeye peke yake aliyevifungua. Kimebaki kisu. Miaka arobaini na miwili nimekuwa mchinjaji wa Wayahudi wa Zabrodne, na rabi amesema nitakayemtaja ndiye atakayeshika nafasi yangu. Velvl, usisogee mlangoni. Najua. Tangu siku ulipojifunza kwamba Adamu alipewa mimea na matunda tu, na nyama ikaruhusiwa baada ya gharika, hujatia nyama mdomoni, na mama yenu, Mungu amrehemu, alilia juu ya sufuria: "Mtoto wa mchinjaji anakula kabichi! Watu watasemaje?" Nilikuchapa kwa ajili hiyo. Nisamehe, hukukosea. Tumeruhusiwa nyama, hatukuruhusiwa ukatili. Ndiyo maana kabla ya kila mnyama, na baada yake, nimepitisha makali ya kisu hiki juu ya ukucha wangu, kwenda na kurudi, nikitafuta pengo hata la unene wa unywele. Pengo hukwaruza, kukwaruza ni maumivu, na nyama ya mnyama aliyechinjwa hivyo hatuli.

Sasa wewe, Nosn, kifungua mimba wangu. Umejifunza kazi hii kando yangu, mkono wako umeshatulia kuliko wangu, na mji mzima unajua kisu ni chako. Umekishonea hata ala mpya; usikatae, Hinde ameiona chini ya godoro lako. Lakini unakumbuka mkesha wa Pasaka, mwaka ule mto ulipobomoa daraja? Wakati huo ulikuwa ukichuuza ng'ombe. Asubuhi Lemel muuza nyama aliniletea ng'ombe mwekundu mwenye sikio moja lililokunjamana kama jani la kabichi, nikamchinja. Alasiri mke wa mwenye kinu, Bibi Dvosye, akaniletea ndama, naye ana sikio lile lile. Wote wawili walitoka kwako. Torati imekataza mama na mtoto wake kuchinjwa siku moja, na siku kama ile muuzaji anatakiwa amwambie mnunuzi, "Mama yake nimemuuza leo." Wewe ulinyamaza. Nilikutazama, ukatazama viatu vyako, wala havikuwa viatu vya kutazamwa.

Ningesema neno moja, nani angenunua kwako tena hata mkia? Na ulikuwa na mke wa miezi miwili. Nikapitisha kisu ukuchani, nikasema, "Kina pengo. Sichinji." Bibi Dvosye akaruka: "Pengo leo? Jua linakwenda, sikukuu inaingia, nina wageni kumi na wanne, na kisu chako ndiyo kwanza kinaota meno? Basi kawe fundi mbao, Mzee Kopl, maana hicho ni msumeno!" Akakurudishia ndama, hukupata wa kumuuzia, Hinde akamlea; naye ndiye Blume, ambaye watoto wako wanakunywa maziwa yake.

Pengo halikuwapo, wanangu. Miaka kumi na mmoja naitwa Kopl Msumeno. Watoto niliokuwa nikiwafundisha herufi walinichorea kisu chenye meno ukutani, na kwa kweli walikichora vizuri. Mwaka mzima rabi aliniita kila Ijumaa akague kisu changu kama cha mwanafunzi wa jana. Nilinyamaza, nikafikiri nakusaidia. Nilikosea.

Mchinjaji husimama peke yake na ukucha wake. Kuku hawezi kwenda kwa rabi kushtaki. Kwa hiyo kisu hiki ni cha mtu anayeweza kusema "nimekosa" wakati hakuna anayemuuliza. Nenda kwa rabi, Nosn. Mwambie habari ya ndama, na uongo wangu pia mwambie, usiupunguze. Ukisema, kisu ni chako. Usiposema, ni cha Velvl, na mji huu utakula kabichi mpaka Masihi aje.

Velvl, usimsukume kaka yako.

Unasemaje, Nosn? Watakucheka? Ndiyo, watakucheka sana. Mimi nimechekwa miaka yote hiyo, na kinachoniua ni mapafu.

Ametoka? Hinde, nenda dirishani. Akipinda kushoto ni kilabuni, akipinda kulia ni kwa rabi. Amesimama? Mwache asimame.

Wakati bado amesimama, sikieni. Mnizike upesi, na Lemel asipewe nafasi ya kuhutubia, huwa hamalizi. Mkirudi kutoka makaburini mle mayai na dengu, kama desturi yetu. Pasichinjwe kitu kwa ajili yangu. Siku saba za matanga... kuku wa Zabrodne nao wapumzike.

Mungu awape mikono mitulivu... na chakula ambacho hakikulizwa ili kifike mezani. Awape watoto wanaouliza maswali... Nimechoka. Hinde, amepinda wapi? Sema kwa nguvu, mwanangu, masikio yameanza kutangulia.

Kulia?

Kulia... Velvl, inuka, mkimbilie. Ameondoka kichwa wazi, na mtu haingii kwa rabi... mpelekee kofia. Mungu awa... kofia, Velvl.