Ufunguo wa Ukumbi

Basi lilikuwa na nafasi tele, lakini bibi muuza mifagio alichagua kukaa nyuma ya mwanamume na mwanamke waliokuwa wakizungumza, maana mwanamume alikuwa na sauti ya kusikilizwa. Alikuwa fundi cherehani, mwenyekiti wa umoja wa washonaji kwa miaka kumi na miwili, na ufunguo wa ukumbi wao ulining'inia shingoni mwake kama hirizi. Bibi akamwomba Mungu msamaha kwa kusikiliza ya watu, kisha akasogeza sikio.

“Kiongozi, dada yangu, akue kwanza yeye mwenyewe, halafu awape watu uhuru,” fundi alimwambia muuguzi aliyekaa naye. “Mimi nimekua sana.”

“Hongera, kaka. Na huo uchaguzi wenu wa leo ni saa ngapi?”

“Saa tatu.”

“Mbona sasa ni saa nne na nusu?”

“Wangoje. Bila ufunguo wataingilia wapi? Nawapa nafasi ya kutafakari, wasije wakachagua kwa pupa.”

“Watafakari jina lako tu?”

“Wakitafakari vizuri, watafika hapo wenyewe.”

Bibi akakohoa, maana kicheko kilimpanda vibaya.

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Kufuli lilikuwa mlangoni salama salimini, ila washonaji walikuwa wamekaa nje kwenye nyasi, mikono juu, na mmoja wao akiihesabu. Fundi akaushika ufunguo wake kifuani.

“Teremka mbio, kaka,” muuguzi akamwambia, akimpisha. “Ukiwahi, nawe utanyoosha mkono wako.”