Mwalimu Taratibu na Mtoto Aliyetolewa Nje

Ndugu, majirani, walimu na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza: marehemu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964, mtoto wa pili wa baba mwashi na mama mpishi wa bweni la wasichana. Ni mdogo wake wa kike anayesoma wasifu huu, kwa maagizo yake marehemu mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani. Alikuwa na mdomo. Marehemu mama alizoea kusema kwamba masomo ya darasa la nne binti yake aliyasikilizia dirishani, maana kila siku alikuwa ametolewa nje kwa kupiga soga. Hata hivyo alifaulu, akamaliza sekondari mwaka 1983, akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1986.

Januari 1987 aliajiriwa kufundisha hesabu katika shule ambayo hakuihama hadi alipostaafu. Wanafunzi wake walikuwa wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minne, umri ambao mtoto anamcheka hata anayemwogopa. Miaka ile ya mwanzo hakuwa tofauti na wenzake. Darasa likichachamaa, alipaza sauti. Sauti ikimwishia, alitoa mtu nje. Waliotolewa walikuwa na mahali pao, nyuma ya madarasa, kwenye kivuli cha ukuta wa zamani wa shule. Ukuta ule ulikuwa na ufa na umeanza kuinama. Binti wa mwashi hafichwi jambo kama hilo. Alimwambia mwalimu mkuu, akajibiwa asubiri likizo.

Tarehe 14 Machi 1991, asubuhi baada ya mvua kubwa, binti mmoja mcheshi alishindwa kuzuia kicheko. Alikuwa ameshaonywa.

“Toka nje.”

“Nirudi saa ngapi, Mwalimu?”

“Nitakuita.”

Darasa likatulia kuliko siku zote. Somo likanoga. Marehemu alitaka jambo hili lisemwe bila kupambwa: somo lilinoga, akamsahau mtoto. Ukuta ulipoanguka, darasa zima lilidhani ni lori linamwaga mawe.

Jioni ile mwalimu mkuu alimwita pembeni. “Sema aliomba ruhusa kwenda chooni. Nani atauliza?” Marehemu alikwenda msibani na mumewe, akapiga magoti mbele ya mama mfiwa.

“Mama, nilimtoa mimi.”

“Alifanya nini?”

“Alikuwa anacheka.”

Mama yule akageuza uso, na hakusema naye tena kwa miaka mingi.

Marehemu alisimamishwa kazi mwaka mzima. Mwalimu mkuu alisema hajawahi kusikia habari za ufa, akabaki na cheo chake. Marehemu alipopewa uhamisho aliukataa, akarudi kwenye chumba kilekile, na tangu siku hiyo hakumtoa mtoto nje hata mmoja.

Haikuwa rahisi. Watoto walipojua hawatatolewa, walimpanda kichwani. Wenzake wakamcheka kwenye chumba cha walimu: “Darasa la bibi huyu, soko lina afadhali.” Alirudi nyumbani akalia, kesho yake akaenda tena. Pole pole akajifunza. Wiki ya kwanza ya muhula hakufundisha hesabu, alifundisha kuingia. Wakiingia kwa kusukumana, aliwarudisha wote mlangoni, naye akiwemo, wakaanza upya. Alisimama kizingitini akampa mkono kila mmoja, na kwa mkono ule alijua nani hakulala na nani kapigwa. Kazi ya kwanza ilikuwa ubaoni tayari. Kelele zikizidi, alinyamaza katikati ya sentensi na kungoja, hata kama kungoja kulikula nusu ya kipindi. Neno lake lilikuwa “taratibu”, nalo likawa jina lake.

Aliyeshindikana alikaa kwenye kiti kando ya meza ya mwalimu, wakafanya hesabu pamoja. Mumewe alikishonea kiti kile mto, na hapo mambo yakaharibika kidogo. Asubuhi moja binti mmoja alimfuata kabla ya kengele: “Mwalimu, leo nitafanya fujo ndogo tu. Naweza kukaa kitini kabisa?”

Mumewe ni fundi cherehani. Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1989, wakajaliwa watoto wawili. Mume alikuwa akiwaambia wageni, “Humu ndani hata mimi nanyoosha mkono kabla ya kwenda dukani.” Lakini yeye ndiye aliyejua kwamba kila mvua kubwa iliponyesha, mkewe hakuwa mtu wa kusemeshwa.

Mwaka 2004 mama wa yule binti aliyeangukiwa na ukuta alifika mlangoni mwa darasa, amemshika mkono kitinda mimba wake.

“Sijakusamehe,” alisema. “Ila nimeuliza kila shule. Ni wewe peke yako usiyetoa mtoto nje.”

Marehemu akampa mtoto mkono.

“Na huyu naye anacheka sana.”

“Mwache acheke, mama.”

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifundisha akiwa amekaa hadi alipostaafu mwaka jana. Hatutawadanganya kwamba aliondoka kwa utulivu; aliumia sana, na dawa ziligoma. Alipoona mwisho umekaribia, alimwambia mdogo wake, “Usiniandikie sifa tupu. La ukuta liandike.” Baba mdogo alipinga: “Mambo hayo hayasomwi kaburini, mwanangu.” Mdogo mtu akamwambia, “Baba, ndiyo aliyoniagiza.” Marehemu alifariki hospitalini tarehe 11 Februari 2025, mumewe akiwa amemshika miguu iliyovimba.

Ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni fundi bomba, wajukuu watatu, kaka mmoja, mdogo mmoja, na wanafunzi ambao wengi wamesimama hapa na mvi zao.

Mama wa yule binti yupo nasi. Ameomba asihesabiwe miongoni mwa wafiwa. Amesema amekuja kuzika, hakuja kusamehe. Tumemshukuru, tumempa nafasi mbele.

Mungu ampokee mwalimu wetu na kumlaza pema, yeye pamoja na mtoto yule aliyemtangulia.