Bi. Syombua Kivuva na Jino Lisiloonekana

Tarehe 30 Septemba 1996 Bi. Syombua Kivuva anastaafu, baada ya miaka thelathini katika chumba cha meno bandia cha hospitali yetu hapa Mwingi. Nimefanya kazi naye miaka kumi na minne, meza kwa meza, na nikiri mapema: mengi aliyoyafanya sikuyaelewa siku alipoyafanya.

Aliajiriwa kukoroga plasta na kufagia. Kufikia 1972 alikuwa akitengeneza meno mwenyewe. Mwaka huohuo alichanganya mifano ya plasta ya vinywa vya wazee wawili, kila mmoja akaondoka na meno ya mwenzake. Aliwafuata hadi sokoni kuwaomba radhi. Wote wawili walikataa kuyarudisha. Walisema yanakaa vizuri sana. Jambo hilo linamtatiza mpaka leo.

Mwaka 1991 tukaletewa utafiti. Skrubu ndogo ya titani inapandwa kwenye mfupa wa taya, ikishashika, jino la kauri linafungwa juu yake. Wagonjwa ishirini na wanne walipata meno. Daktari Kisilu, aliyeuongoza utafiti kutoka Nairobi, aliyapima yote akaandika: bora. Lakini wagonjwa kumi na mmoja wa Kyuso wakaacha kuja kliniki. Tuliandika barua, hazikujibiwa. Bila wao utafiti ungefungwa, na hakuna kati yetu aliyejua kosa liko wapi.

Bi. Syombua akapanda lori la mbuzi hadi Kyuso. Alimkuta Mwalimu Kalunde, kiongozi wa kwaya, akifundisha wimbo huku ameziba mdomo kwa leso.

"Mwalimu, jino linauma?"

"Haliumi, Mama. Linang'aa! Kanisa zima linatazama jino, hakuna anayesikia wimbo."

Maji ya visima vya huko hugeuza meno kuwa ya kahawia tangu utotoni. Sisi tulichagua rangi kwa vipande vya mfano vilivyotoka ng'ambo, na hakukuwa na cha kahawia hata kimoja. Bi. Syombua alimwomba Mwalimu aje kliniki, kisha akarudi. Yeye mwenyewe amekua akinywa maji hayo, na meno yake ni ya rangi hiyohiyo.

Mwalimu Kalunde alipokuja, Bi. Syombua alilifungua lile jino, akalichora michirizi ya kahawia, akalirudisha tanuruni. Nilidhani amechanganyikiwa.

"Mama, unaharibu jino zuri."

"Zuri kwa nani?" akauliza, akaendelea kuchora.

Daktari Kisilu alikuja kukagua. Kwa masharti ya utafiti, hakuonyeshwa faili wala kuambiwa jino la kauri ni lipi. Alitazama kwa kioo, akafuta miwani, akatazama tena. Akagusa jino moja. Lilikuwa la Mwalimu mwenyewe. Akagusa la pili. La Mwalimu pia. Mwalimu Kalunde akacheka kwa sauti, mdomo wazi. Daktari alibaki na kalamu hewani: fomu ilikuwa na nafasi ya jino lililoshika na jino lililong'oka, lakini si ya jino lisiloonekana. Mwishowe aliomba wengine kumi wa Kyuso wachorewe vilevile. Wote walirudi.

Leo Bi. Syombua anatuachia vipande kumi na vinne vya mfano vya kahawia alivyochoma mwenyewe, kila kimoja kikiwa na jina la kisima chake. Mimi bado nachanganya cha Kyuso na cha Kambu.

Mama, asante kwa mikono yako na subira yako. Mungu akupe mapumziko marefu, afya njema, na mlango usioisha wageni.