Mama Barafu na Chupa Iliyosahaulika Mezani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi mkuu wa maabara yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Kwenye faili ana jina lake, lakini sisi tunamwita Mama Barafu, na siku hizi hata mumewe akipiga simu anamuulizia Mama Barafu.

Kazi yake ni kutayarisha maini ya panya ili tupime vimeng'enya vinavyoongoza utengenezaji wa kolesteroli mwilini. Kimoja ndicho kinachoshika usukani: kikichapa kazi, kolesteroli inaongezeka, kikilegea, inapungua. Ole wako uache sampuli nje ya ndoo ya barafu! Profesa mwenyewe aliwahi kufukuzwa chumba cha baridi na kikombe chake cha chai, akatoka bila ubishi. Nyumbani, wanawe wanasema, ini haliingii jikoni ng'o.

Mwaka wake wa nne mambo yalikwenda mrama. Kila tulipokitenga kimeng'enya hicho, vipimo vilitoka sifuri. Miezi mitatu mizima, sifuri. Ikasemwa fundi ni mzembe, na barua ya kupendekeza aachishwe kazi ikafika kwa Profesa. Wakati huo alikuwa na mtoto mchanga, na mumewe hana kazi.

Wiki hiyohiyo, bingwa wa barafu akasahau chupa moja ya kimeng'enya hicho mezani asubuhi nzima. Angeimwaga, nani angejua? Yeye akaipima, kisha akaenda kwa Profesa na kukiri kuwa amezembea, ila chupa hiyo imetoa majibu mazuri kuliko zote. Kumbe kikishatengwa, kimeng'enya kile hakipatani na baridi. Barafu ndiyo iliyokuwa ikikilemaza, tena kwa maelekezo yetu sisi wasomi. Profesa akaichana barua, na tangu hapo utaratibu wetu ni ule wa Mama Barafu: ini kwenye barafu, kimeng'enya kilichokwisha kutengwa mezani. Mafundi kumi na wawili wamejifunza kwake, na wote wanamwogopa kidogo.

Mpaka leo hajui barua ile iliandikwa na nani. Niliiandika mimi.

Dada, wewe kosa lako ulilisema siku hiyohiyo. Langu limenichukua miaka ishirini na saba. Nisamehe. Maabara nzima inakushukuru, na tunakuombea mapumziko marefu, afya tele na asubuhi zisizo na haraka.