Waya wa Mhina Mbaruku

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mhina Mbaruku, mzaliwa wa Misima, Handeni, aliyefariki wiki iliyopita nyumbani kwake Korogwe. Alikuwa fundi umeme wa malori. Kazi hiyo hakuisomea popote. Alijifunza kwa kufungua vitu vilivyokufa na kuvitazama, taratibu, mpaka aelewe vilikufaje.

Mwaka 1974 watu wa Handeni walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Malori ya karakana alikofanya kazi Mhina yaliletewa redio za upepo, zile za kusema na kusikia, naye ndiye aliyepewa kazi ya kuzifunga. Mwanzoni alivuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Redio zilisema vizuri. Lakini madereva walipiga soga, wakaenda kulala bila kuzizima, na asubuhi lori haliwaki. Wazee, watoto na kuku wao wanangoja kando ya barabara.

"Mhina, redio yako inakunywa betri kama mgeni wa harusi," dereva Yordani alimtania.

Mhina alipanda kwenye lori. Alifikiri, kisha akauhamisha ule waya na kuupitisha kwenye swichi ya ufunguo. Ukichomoa ufunguo, redio inazimika. Naomba mlishike hilo: ukichomoa ufunguo, redio inazimika. Tangu hapo malori yakawa yanawaka kila asubuhi. Mhina alisifiwa, na sifa hizo alistahili.

Masika yakaingia. Yordani alikwenda Kwaluguru kuchukua watu. Miongoni mwao alikuwemo Swaumu, dada yake Mhina, na mumewe Athuman. Swaumu alikuwa mjamzito, siku zake bado. Njiani lori lilizama kwenye tope. Yordani aliita Handeni kwa redio, akajibiwa kwamba lori la kuvuta litafika kesho yake. Akaona asikae bure. Akaenda kwa miguu kijiji cha mbele kutafuta majembe na watu wa kusukuma. Ufunguo akautia mfukoni. Dereva haachi ufunguo garini; ndivyo alivyofundishwa.

Alipokwisha kupotea machoni, uchungu ukamshika Swaumu. Damu zikatoka nyingi. Handeni palikuwa na gari la hospitali na mkunga. Isaka, utingo wa Yordani, alijua kuitumia ile redio. Alibonyeza, akaita. Akabonyeza tena, akaita tena. Kimya.

Baadaye Athuman alimsimulia shemeji yake: "Isaka aliita mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilidhani wenzetu wa Handeni hawataki kutujibu."

Yordani aliporudi na watu, mtoto wa kike alikuwa amezaliwa, analia. Mama yake alikuwa amekwisha kukata roho.

Hakuna aliyemlaumu Mhina. Pengine hilo ndilo lililomkalia kifuani. Alizirudisha nyaya zote kwenye betri. Na kila jioni alizunguka malori yaliyolala karakana, akipanda moja moja, akigusa kila redio kuhakikisha imezimwa. Kila jioni, mpaka alipostaafu.

Yule mtoto aliitwa Mwaija. Athuman alimkabidhi kwa Mhina na mkewe, Mama Amne, wakamlea. Mama Amne ametuambia: "Mara nyingine anakula, mkono unasimama hewani. Nikishaona hivyo najua yuko kule kwenye tope."

Mhina hakumficha Mwaija. Alimweleza yote mwenyewe, siku chache kabla hajaolewa. Kisha kila walipoonana akawa anamwuliza swali lile lile: ungekuwa wewe, ungeufunga wapi ule waya?

"Miaka yote sikumjibu," anasema Mwaija. "Mwezi uliopita nilikaa kando ya kitanda chake, nikamwambia, 'Mjomba, kwa zile betri zilivyokuwa zikifa, ningeufunga pale pale ulipoufunga wewe.' Alinitazama sana. Akasema, 'Basi na wewe ungempoteza mama yako, mwanangu.' Akageukia ukutani. Sijui kama nilimpunguzia mzigo au nilimwongezea."

Wasikilizaji wapendwa, sisi pia hatujui. Tunawapa pole nyingi Mama Amne, Mwaija, na ndugu wote wa Misima na Korogwe. Mwenyezi Mungu ampumzishe Mhina Mbaruku. Nanyi mnaotusikiliza, kabla ya kuzima redio zenu, ikumbukeni kazi moja mliyoifanya vyema, na mtu ambaye hamkumwona mlipokuwa mnaifanya.